Kabla Hujanunua Mikarafuu Pemba

Kila karafuu zinapoanza kujaa mitini, simu za Wapemba walioko Maskati, Dubai, London na Kariakoo hurudi kisiwani na swali lile lile: kuna shamba linauzwa Mtambwe, au Ole, au Mgagadu, nilichukue? Siku hizi swali hilo latoka pia kwa watu wasio na asili ya Pemba, waliosikia bei ya kilo moja ikitangazwa redioni, wakaizidisha kwa idadi ya miti na kuona utajiri. Jibu langu halijabadilika, nami nalitoa tena kwa sababu nimeona ndugu wa tumbo moja wakiachana salamu kwa jambo ambalo lingeepukika. Shamba Pemba ni kitu cha mwisho kununuliwa. Cha kwanza ni msimu. Anayetaka kuishi na kuwekeza katika kijiji cha Pemba aanze kwa kukodi mavuno ya msimu mmoja, awepo mwenyewe kijijini karafuu zinapoanikwa, ndipo aamue kama ardhi anaihitaji.

Pemba haina sura moja, na hilo pekee limewaponza wengi. Upande wa magharibi na katikati, kutoka Mkoani kupitia Chake Chake hadi Wete na Konde, ni vilima vya udongo mzito vilivyokatwa na mabonde. Vilimani kuna mikarafuu, minazi na mishelisheli, na mabondeni kuna mpunga. Ukielekea mashariki na kaskazini-mashariki, Micheweni na Kiuyu, unaingia maweni, jiwe la matumbawe lenye udongo wa kujaza nyufa tu. Huko watu hulima mtama na muhogo, hufuga, huvua na kulima mwani. Mkarafuu hauna maisha huko. Mtu akikutumia picha ya eka tano za bei nafuu, muulize kwanza jembe linazama kiasi gani.

Isitoshe, ardhi hiyo ina wenyewe wengi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 406,848 Pemba, na ile ya 2022 ikahesabu 543,441, wote kwenye kisiwa kisichofika kilomita za mraba elfu moja. Anayekuambia kuna pori tupu linalongoja mwekezaji hakijui kisiwa. Kila kilima kina mtu anayekata kuni hapo, anayefunga ng'ombe hapo, au ambaye babu yake alizikwa hapo.

Kabla ya karafuu, Pemba ilikuwa kisiwa cha mpunga. Mombasa ilikula wali wa Pemba tangu enzi za Wareno, na Mazrui, watawala wa Mombasa, walikigombania kisiwa hiki kwa sababu ya ghala hilo. Karafuu zilikuja mwanzoni mwa karne ya 19, na asili yake ndiko anakotakiwa kuangalia kila anayewekeza leo: Indonesia. Mkarafuu ni mti wa visiwa vya Maluku, vya Ternate na Tidore. Mnamo 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuitorosha miche michache mikononi mwa Waholanzi na kuifikisha Mauritius, na kutoka visiwa vile vya Bahari ya Hindi mbegu ikafika Unguja. Sayyid Said bin Sultan akawashurutisha wenye mashamba waipande. Kwa muda Unguja ndiyo iliyoongoza, hadi kimbunga cha 1872 kilipoifyeka mikarafuu yake na kuibakisha sehemu kubwa ya ile ya Pemba. Tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi kuliko Unguja, zaidi ya robo tatu katika misimu mingi.

Sasa hesabu ya kibiashara inaanzia hapa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia hiyo hiyo. Wajava waligundua mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Kudus, kwamba karafuu ikisagwa na kuchanganywa na tumbaku inatoa sigara waliyoiita kretek. Viwanda vikakua, miti yao wenyewe ikawa haitoshi, meli zikaja Zanzibar. Nyumba nyingi za mawe Wete na Chake Chake zilijengwa kwa moshi wa Java. Kisha, katika miaka ya 1970, serikali ya Indonesia iliamua nchi ijitosheleze. Ikapanda mikarafuu Sulawesi, Sumatra, Java na kwingineko kwa kiwango ambacho kisiwa chetu hakiwezi hata kukikaribia, na kufikia miaka ya 1980 haikuwa na haja nasi. Bei ya dunia iliyokuwa maelfu ya dola kwa tani mwanzoni mwa muongo huo ilishuka hadi chini ya dola elfu moja katikati ya miaka ya 1990.

Wazee wa Pemba wanakumbuka miaka hiyo kama njaa. Watu waliacha kupalilia, magugu yakapanda hadi kwenye matawi, mikarafuu ya miaka sitini ikageuzwa kuni na mkaa kwa sababu gunia la mkaa lilikuwa na mnunuzi na gunia la karafuu halikuwa naye. Waliohama walihama. Lakini ni vyema tujue kwamba mkulima wa Indonesia naye hakunusurika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtoto wa Rais Suharto, Tommy Suharto, alipewa ukiritimba wa kununua karafuu zote za nchi kupitia chombo kilichoitwa BPPC. Wakulima wa Minahasa, kaskazini mwa Sulawesi, waliuza kwa bei ya kutupa, wengine wakaacha kuchuma na wengine wakakata miti. Chombo hicho kilivunjwa 1998, Indonesia ilipokuwa imeelemewa na msukosuko wa fedha. Mkulima wa Minahasa na mkulima wa Mtambwe walikata mti mmoja katika muongo mmoja, wala hawakuwahi kuonana.

Kwa hiyo mwekezaji wa Pemba anawekeza pia katika mvua za Sulawesi. Indonesia inazalisha sehemu kubwa ya karafuu za dunia na kuzivuta karibu zote yenyewe. Mwaka mavuno yao yakiharibika wanaingia sokoni kununua, na bei inaruka. Mwaka 2011 ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo sababu bei ya mkulima wa Zanzibar ilipanda mara kadhaa ndani ya muda mfupi. Mwaka wao ukiwa mzuri, sisi, Madagascar na Comoro tunabaki kugombania India, Singapore na nchi za Ghuba. Aliyenunua shamba mwaka wa bei kubwa kwa kudhani hiyo ndiyo bei ya kawaida, amenunua bahati mbaya ya mtu mwingine kwa bei ya juu.

Kuna kinga moja, nayo ina gharama yake. Karafuu Zanzibar haziuzwi sokoni. Mnunuzi ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoanzishwa 1968. Kwa miongo mingi Shirika lilimlipa mkulima sehemu ndogo ya bei ya nje, na magendo kwenda Kenya, kupitia Vanga na Shimoni, yakawa ndiyo soko halisi la watu wengi, huku kikosi cha kuzuia magendo, KMKM, kikikesha baharini. Mageuzi ya 2011 yalibadilisha mambo: sera ikawa mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na magendo yakapungua. Ikafuata Sheria ya Maendeleo ya Karafuu ya 2014 na mfuko wake, ambao miongoni mwa mambo mengine unawasaidia wachumaji wanaoanguka mtini. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba mnunuzi mmoja anayelipa asilimia 80 ni bora kuliko madalali ishirini wanaomkopesha mkulima kabla ya mavuno. Lakini mwekezaji ajue analoingia: hatapanga bei, hatachagua mnunuzi, na hawezi kuweka nembo yake mwenyewe kwenye karafuu na kuisafirisha Hamburg bila ruhusa. Mawazo yote ya biashara yanayoanza na kuuza karafuu moja kwa moja nje yanaishia hapo.

Tupige hesabu ya shamba, kwa namba za kukadiria na kwa uangalifu. Eka moja iliyopandwa vizuri inabeba mikarafuu kati ya 50 na 80. Tuseme 60. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Unatoa mwaka mmoja mzigo mkubwa, kisha unapumzika misimu miwili au mitatu ukitoa kidogo. Kwa hiyo tusidanganywe na mti uliotoa kilo kumi mwaka wa neema. Tuchukue wastani wa kilo mbili na nusu kavu kwa mti kwa mwaka, tupate kilo 150 kwa eka. Kwa shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, bei iliyotumika misimu kadhaa, hiyo ni 2,100,000. Toa uchumaji, upaliliaji, uanikaji, ulinzi na usafiri, ambavyo kwa pamoja havikawii kula nusu, na unabaki na milioni moja na kidogo kwa eka. Basi chukua bei unayotajiwa ya eka hiyo, igawe kwa milioni moja, na jibu ni miaka utakayongoja kurudisha fedha yako, ikiwa hakuna ugonjwa, hakuna moto, na Sulawesi haijawa na mwaka mzuri mno. Ukipanda miche mipya, ongeza miaka sita au saba kabla ya karafuu ya kwanza, na mingine kumi kabla mti haujakomaa. Mti huo utaishi kukushinda. Anayepanda mkarafuu akiwa na umri wa miaka hamsini anampandia mjukuu, na ni vizuri ajue hivyo tangu siku ya kuchimba shimo.

Ugonjwa si neno la kutishia tu. Tangu zama za Waingereza wataalamu wamehangaika na kifo cha ghafla cha mikarafuu, ambapo mti mzima, wenye afya machoni, unakauka ndani ya siku chache majani yakiwa bado juu. Mikarafuu yetu imetokana na miche michache iliyopita Mauritius na Réunion, kwa hiyo ni ndugu wa karibu mno, na kinachouweza mmoja kinaweza kuuweza mwenziwe. Mche mchanga nao una adui zake: jua kali la miaka miwili ya mwanzo, na mchwa. Wakulima wanaojua hupanda mche chini ya kivuli cha mgomba au muhogo, na muhogo huo ndio unaowalisha wakati wanangoja. Serikali imegawa miche mingi bure mwaka hadi mwaka. Iliyokufa imekufa zaidi kwa kukosa kivuli na mtu wa kuitazama kuliko kwa udongo mbaya.

Haya sasa, ardhi. Hapa ndipo fedha nyingi za watu wa nje zinapozama.

Tarehe 8 Machi 1964, wiki chache baada ya Mapinduzi, ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya Serikali. Kuanzia 1965 mashamba yaliyotaifishwa yakagawiwa kwa wananchi, eka tatu kwa kila familia. Aliyepewa alipewa haki ya kutumia, hakupewa ya kuuza, na watoto wake wameirithi haki hiyo pamoja na kizuizi chake. Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992 iliendeleza msingi kwamba ardhi ni ya umma na mtu anakuwa na haki ya matumizi, na haki hiyo ni ya Mzanzibari. Mtanzania wa Bara asidhani kitambulisho chake kinamtosha. Mpemba aliyechukua uraia wa nchi nyingine naye, kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha, asidhani jina la babu yake linamtosha. Mgeni njia yake ni kukodishwa na Serikali kupitia Mamlaka ya Ukuzaji Vitega Uchumi, ZIPA, na njia hiyo imetengenezwa kwa ajili ya hoteli na viwanda zaidi kuliko eka mbili za mikarafuu.

Lakini juu ya sheria kuna mila, na mila ya Pemba inatenganisha vitu ambavyo mtu wa mjini huviona kimoja. Ardhi ni kitu, na mti ni kitu. Mikarafuu iliyo kwenye kilima cha mtu inaweza kuwa ya mtu mwingine, kwa kurithi, kwa kununua, au kwa kuwa baba yake aliruhusiwa kupanda. Ipo mikarafuu ya Serikali ndani ya eka za watu, ambayo hukodishwa kwa msimu. Yapo mashamba ya wakfu, yaliyo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo hayauziki hadi kiama. Halafu juu ya mti kuna haki ya tatu, mavuno ya msimu huu, ambayo mwenye mti anaweza kuwa amekwisha kuyakodisha kwa mtu wakati maua bado madogo. Na kuna rehani. Babu zetu walikwepa riba kwa bei khiyari, ambapo mkopaji "anauza" shamba kwa sharti la kulirudisha akilipa, na mkopeshaji anakula mavuno kwa muda wote huo. Kufikia miaka ya 1930 mashamba mengi ya Pemba yalikuwa mikononi mwa wakopeshaji kwa njia hiyo, hadi serikali ya kikoloni ikatunga sheria ya 1934 kuzuia ardhi isihamie kwao. Mtindo haukufa. Kuna mashamba leo ambayo mwenyewe hajachuma kwa miaka minane kwa sababu ya deni la harusi au la matibabu.

Weka mirathi juu ya yote haya. Shamba la mzee aliyefariki mwaka 1985 bila kugawiwa lina leo warithi wa tabaka mbili, pengine kumi na tano, mmoja Tanga, mmoja Maskati, mmoja hajulikani alipo. Anayekuuzia ni yule aliyebaki kijijini, na kwa kuwa ndiye aliyelitunza, anaamini kwa dhati kwamba ni lake. Hasemi uongo. Ila siku utakapoleta matofali, shangazi yake atatokea na haki yake ya kisheria, na Mahkama ya Ardhi haitaangalia umelipa kiasi gani. Sheha lazima ahusishwe, lakini sahihi ya sheha si mgawanyo wa mirathi. Hiyo ni kazi ya Kadhi. Kama mirathi haijapita huko, hakuna cha kununua.

Nina jambo hapa linaloniuma kuliko hesabu zote. Eka tatu zile, pamoja na mapungufu yake, ndizo zilizoifanya Pemba isiwe na tabaka kubwa la watu wasio na pa kulima. Zinaponunuliwa kimyakimya, kwa karatasi za mkononi, na watu waliokwisha kuondoka, kijana aliyebaki anageuka kibarua kwenye kilima cha babu yake. Sioni kwa nini tuite hilo maendeleo. Fedha ya ndugu aliyeko ng'ambo inaweza kuingia shambani bila kumtoa mwenye shamba, na njia tunazijua.

Nenda kijiji chochote cha Mtambwe mwezi wa Septemba, msimu ukiwa umeshika. Alfajiri wachumaji wako juu ya miti wakiwa na kamba, wakivuta tawi kuelekea kwao badala ya kulivunja, kama ni wachumaji wazuri. Anayelipwa kwa pishi ana haraka, na haraka inavunja matawi. Tawi lililovunjika leo ni karafuu zilizokosekana kwa misimu mitatu. Jioni, familia nzima inakaa kuchambua. Kikonyo kinashikwa kwa mkono wa kushoto, kinasokotwa juu ya kiganja cha kulia, karafuu zinaanguka upande huu na makonyo upande ule. Makonyo hayatupwi, yanakwenda kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kukamuliwa mafuta. Asubuhi karafuu zinatandazwa juani, nyembamba, na kugeuzwa. Jua likiwa zuri, siku tatu hadi tano zinatosha. Kilo tatu mbichi zimekuwa moja. Karafuu iliyokauka vizuri ukiikunja inakatika kwa sauti, ina rangi ya kahawia inayong'aa na kichwa chake hakijatoka. Iliyonyeshewa siku ya pili inachacha, inakuwa nyeupe nyeupe na nyepesi, na daraja linaanguka.

Hapo ndipo fedha inapopotea Pemba. Msimu mkubwa unaangukia mvua za vuli, na familia nyingi zinaanika chini, kwenye majamvi, pembeni mwa barabara ya lami, au juu ya turubai lililochanika. Wingu likikusanyika mtaa mzima unakimbia. Sakafu nzuri ya saruji iliyoinuliwa, yenye paa la kusukuma au turubai imara, na chumba kikavu cha kuhifadhia magunia, inagharimu sehemu ndogo ya bei ya shamba na inaweza kuhudumia nyumba ishirini. Mwenye sakafu analipwa kwa kilo, kwa makubaliano, au anaingia shirika na wakulima kwa mudharaba: yeye mtaji, wao miti na kazi, faida igawanywe kwa fungu lililokubaliwa tangu mwanzo. Hakuna riba, hakuna ardhi iliyobadilisha mikono, na daraja la karafuu za kijiji kizima linapanda. Hii ndiyo aina ya uwekezaji ninayoitetea, na nashangaa ni wachache mno wanaoifikiria.

Uwekezaji wa pili ni katika uchumaji wenyewe. Msimu wa neema ukija mikono haitoshi, na karafuu zikichelewa wiki mbili zinafunguka maua na hazina thamani. Mkulima anayekosa fedha taslimu ya kuwalipa wachumaji Agosti ndiye anayekodisha mavuno yake kwa bei ya hasara. Wakulima wa Indonesia wana balaa hilo hilo, wanaliita ijon: kuuza mavuno yakiwa mabichi kwa sababu ya shida ya leo. Ndugu aliyeko Dubai akituma fedha za uchumaji mwanzoni mwa msimu, na kurejeshewa pamoja na fungu lake karafuu zikishauzwa ZSTC, amemwokoa mwenziwe na kupata faida halali ndani ya miezi minne. Linganisha na ile miaka ya kungoja shamba lijilipe.

Karafuu peke yake haitoshi kuendesha maisha ya kijijini, na wenyeji hawajawahi kuitegemea peke yake. Chini ya mikarafuu panawekwa pilipili manga, mdalasini, hiliki, ndizi, muhogo na, kwa wenye subira, vanila. Vanila inahitaji mtu kweli kweli. Ua linafunguka asubuhi moja tu, na mkono wa binadamu ndio unaolichavusha kabla ya adhuhuri, kisha tunda linakaa mtini miezi tisa likimwita mwizi. Bei yake ilifika mamia ya dola kwa kilo duniani mwaka 2018, kisha ikaporomoka, kwa hiyo iwe kiungo cha shamba, isiwe shamba. Shirika la Community Forests Pemba limefanya kazi ya kuheshimika katika misitu hii ya viungo iliyochanganywa, na anayetaka kuona shamba linalofanana na kitu cha kudumu aanzie kuwatembelea.

Mwani nitautaja kwa ufupi, ingawa kwa kina mama wa Micheweni na Wete ndio skuli ya watoto na dawa ya mgonjwa. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Aina ya kotoni, yenye bei, imekuwa ikifa maji ya kina kifupi yanapopata joto, na iliyobaki ya spinosamu inalipa kidogo mno kwa kazi ya kusimama majini nusu siku. Serikali imeitenga Chamanangwe kuwa eneo la viwanda, na mwani ukisindikwa huko badala ya kusafirishwa mkavu, hesabu itabadilika. Mwekezaji mwenye boti ya kuwafikisha wakulima kwenye kina kirefu atapokewa vizuri kuliko anayetaka kununua pwani.

Na bahari yenyewe inasogea. Katika Kisiwa Panza na vijiji kadhaa vya mabondeni maji ya chumvi yameingia kwenye makonde ya mpunga, na konde lililoonja chumvi halisahau upesi. Bonde la bei rahisi karibu na mikoko lifuatwe mara mbili, bamvua na maji mafu, kabla ya kutoa hata shilingi.

Kuhusu kuishi, Pemba ya leo si ile iliyokimbiwa. Umeme wa gridi ulifika 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Wesha, na majenereta yaliyokuwa yakitulaza gizani yakanyamaza. Boti za mwendo wa kasi zinakwenda Mkoani na Wete, ingawa hakuna Mpemba anayepanda chombo bila kukumbuka usiku ilipozama meli ya Spice Islander, Septemba 2011. Anayehamia kijijini atahesabiwa kwa mahudhurio: msikitini, mazishini, kwenye khitma, kwenye kazi ya kijiji. Mtu wa kuja anayekosekana msibani hatapata mchumaji siku ya neema, hata akiongeza pishi mara mbili. Vivyo hivyo mwenyeji aliyepotea miaka ishirini na kurudi na gari. Fedha yake itapokewa na maneno yatakuwa matamu, lakini karafuu zake zitachumwa mwisho.

Ikiwa umesoma hadi hapa na bado moyo wako uko kwenye shamba, basi kabla ya kumuona Kadhi na kabla ya kwenda Kamisheni ya Ardhi, omba kitu kimoja: risiti za ZSTC za shamba hilo kwa misimu mitano iliyopita. Ziweke mezani zote. Usiangalie kilo kwanza. Angalia majina. Kama miaka mitano yote ni jina la anayekuuzia, una mtu wa kuzungumza naye. Kama jina linabadilika, mwaka huu mwenye shamba, mwaka jana mpwa wake, mwaka juzi mtu wa Konde usiyemjua, hao ndio washirika wa shamba ambao hujaambiwa: mrithi, mkodi, mwenye rehani. Mfuate kila mmoja nyumbani kwake, ukae naye, umuulize anadai nini na tangu lini. Na kama hakuna risiti hata moja, shamba hilo ama halizai, ama karafuu zake zinapita njia nyingine usiku, na kwa hali zote mbili likodi msimu mmoja uone mwenyewe.